Majani ya Wazee na Homa ya Malaria: Tutajuaje Kama Yanaponya?

Ndugu msomaji, labda wewe mwenyewe umekwisha kunywa maji ya kongo bololo. Wengine huuita mti huu mubirizi. Unaota nyuma ya nyumba katika vijiji vingi. Majani yake ni machungu sana, na mama akiona mtoto wake ana homa, huchuma mkono mmoja wa majani, huyaponda, huyakamua katika maji na kumnywesha. Mwingine hutumia majani ya mupapayi. Mwingine hutumia maganda ya mwembe. Siku hizi wengine hunywa chai ya artemisia, ambayo watu wameipanda hata karibu na makanisa na mashule.

Kwa ajili ya hayo watu hutuuliza maneno mawili hapa hospitali. La kwanza ni hili: "Munganga, majani haya ni dawa kweli?" Na la pili: "Mkristo akiyanywa, amekosa?"

La pili tulijibu upesi. Kunywa maji ya jani si kosa. Mungu ndiye aliyeumba mti na jani lake, na dawa nyingi zilizo katika kabati la hospitali zilitoka kwanza katika miti. Kufunga hirizi mkononi mwa mtoto, au kwenda kuuliza ni nani aliyemloga, hayo ni mambo mengine, na mchungaji wako atasema nawe juu yake. Usichanganye jani na hirizi. Jani linaweza kupimwa. Hirizi haina kitu cha kupima.

Lakini neno la kwanza halijibiwi upesi. Tunataka kulieleza polepole, kwa sababu watoto wanakufa kwa ajili yake. Nchi yetu ya Kongo ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, na wanaokufa kwa ugonjwa huu katika Afrika, wengi sana ni watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Katika kila msimu wa mvua tunapokea mtoto aliyenyweshwa majani siku tatu. Siku ya kwanza alikuwa moto. Siku ya pili homa ilishuka, akacheza kidogo, na koko, yaani mama mzaa mama, akasema, "Mnaona? Dawa yetu ina nguvu." Usiku wa tatu mwili ukaanza kukakamaa na kutikisika, macho yakageuka juu. Anapofika kwetu viganja vyake ni vyeupe kama karatasi. Wengine tunaweza kuwaongezea damu, wakapona. Wengine wamechelewa.

Tafadhali msidhani kwamba tunamcheka koko. Alifanya kwa upendo, akafanya kama alivyofundishwa. Hata kuona kwake kulikuwa kweli: homa ilishuka. Tutaona kwa sababu gani ilishuka.

Dawa mbili zilizotoka katika miti

Hapa kwetu watu wengi huita kila kidonge "kinini", hata kama ni dawa ya kichwa. Neno hilo limetoka katika dawa ya malaria. Asili yake ni mti unaoitwa kinkina, uliokua katika milima ya Peru na nchi za jirani, huko Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1600 mapadri wa Shirika la Yesu walipeleka maganda yake Ulaya, kwa sababu yalishusha homa. Watu waliyasaga, wakayanywa katika mvinyo. Wengine walipona, wengine hawakupona, na hakuna aliyejua sababu. Ilikuwa hivi: ganda la mti mmoja lina dawa nyingi, ganda la mti mwingine lina kidogo sana, na machoni yanafanana. Tena wafanyabiashara wadanganyifu waliuza maganda ya miti mingine kabisa.

Mwaka 1820, katika mji wa Paris, wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliweza kutoa katika ganda lile kitu chenyewe kinachofanya kazi. Wakakiita kwa jina linalotokana na kinkina. Tangu hapo munganga aliweza kuweka dawa juu ya mizani na kusema: mtu mzima apewe kiasi hiki, mtoto kiasi hiki. Mti wa kinkina ulifika hata kwetu. Watu wa Kivu wanajua mashamba yake, na kiwanda cha Bukavu kimetoa kinini katika maganda hayo kwa miaka mingi.

Dawa ya pili ilitoka Uchina. Mwaka 1967 serikali ya Uchina iliweka watu wa elimu wengi kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa sababu dawa za zamani zilikuwa zimeanza kushindwa. Mama mmoja, jina lake Tu Youyou, alipewa kazi ya kuchunguza dawa za wazee wa Uchina. Yeye na wenzake walikusanya maandiko ya dawa zaidi ya 2000. Walijaribu mimea mingi juu ya panya wenye malaria, na karibu yote ilishindwa. Artemisia nayo ilionyesha nguvu mara moja, kisha ikashindwa walipoijaribu tena.

Ndipo Tu Youyou akasoma tena kitabu cha munganga Ge Hong, aliyeishi katika miaka ya 300. Kitabu hicho kilisema majani yalowekwe katika maji, kisha yakamuliwe na maji yanywewe. Hakikutaja moto. Yule mama akafikiri: labda sisi tunaiharibu dawa kwa kuichemsha. Akatumia dawa ya maji iitwayo eta, ambayo huchemka kwa joto kidogo tu, isiyozidi joto la mwili wa mtu. Katika Oktoba ya mwaka 1971 dawa hiyo mpya ilimaliza vijidudu vyote katika damu ya panya. Mwaka 1972 yeye mwenyewe na wenzake wakainywa kwanza, waone kama haina sumu, na baadaye wakawapa wagonjwa 21. Kitu walichokipata ndicho tunachokiita artemisinini. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa zawadi ya Nobeli kwa ajili ya kazi hii. Vidonge mnavyopewa leo katika dispanseri kwa malaria vina dawa ya jamaa hiyo, pamoja na dawa ya pili inayoisaidia.

Basi, mtu akikuambia kwamba hospitali inadharau miti, mwambie habari hizi. Lakini mwambie habari yote: walijaribu mimea mingi, na iliyosimama ni michache.

Kuona nafuu na kupona

Sasa turudi kwa yule mtoto aliyecheza siku ya pili.

Malaria huletwa na mbu jike wa jamaa ya Anofelesi, anayeuma usiku. Mate yake huingiza vijidudu vidogo sana. Vijidudu hivi hukaa kwanza ndani ya ini kwa muda wa juma moja, na mtu hasikii kitu. Kisha huingia katika chembe nyekundu za damu. Ndani ya kila chembe kijidudu hula, huzaa, na baada ya saa karibu 48 chembe hupasuka na vijidudu vipya hutoka kutafuta chembe nyingine. Chembe zinapopasuka kwa wingi, ndipo mgonjwa anatetemeka na mwili unakuwa moto. Baadaye jasho linatoka, homa inashuka.

Angalia vizuri. Homa inashuka, lakini vijidudu havikufa. Vimeingia tena katika nyumba mpya. Kama ulimnywesha mtoto majani saa ile homa ilipokuwa juu kabisa, utaiona ikishuka hata kama ulimpa maji matupu ya mto. Nawe utalisifu jani.

Jambo jingine. Mtu mzima aliyekulia katika nchi ya mbu ameugua malaria mara nyingi tangu utoto. Mwili wake umejifunza kupigana. Mara nyingi homa yake huisha yenyewe baada ya siku chache. Naye akiwa amekunywa kongo bololo siku hizo, atasimama mbele ya watu na kushuhudia kwa moyo safi kwamba kongo bololo imemponya. Hasemi uongo. Lakini mtoto wa miaka miwili hana silaha hiyo mwilini, na ushuhuda wa baba hauwezi kumsaidia.

Tena kuna homa nyingi zisizo malaria. Kuna mafua, kuna ugonjwa wa masikio, kuna tifoidi. Mtu akipona mafua baada ya kunywa chai ya artemisia, je, artemisia imeponya malaria? Hata hakuwa nayo.

Ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja, hata wa watu kumi, hautoshi. Katika kanisa ushuhuda una mahali pake. Juu ya dawa ya malaria tunauliza damu.

Danieli na vijana wenzake

Jinsi ya kupima dawa si jambo geni kwa wasomaji wa Biblia. Fungua kitabu cha Danieli, sura ya kwanza. Danieli hakutaka kula chakula cha mfalme. Mkuu wa matowashi akaogopa kwamba watadhoofika. Danieli hakubishana naye kwa maneno mengi. Aliomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji, kisha nyuso zao ziangaliwe pamoja na nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme. Tazameni mambo yaliyomo: siku zimehesabiwa, chakula kinajulikana, na kuna wengine wa kulinganishwa nao. Bila wale wengine, msimamizi angejua nini?

Wachunguzi wa siku hizi hufanya vivyo hivyo, na huongeza mambo machache. Wagonjwa hupimwa damu kwanza, ijulikane wana malaria kweli. Hugawanywa kwa kura katika makundi mawili, ili munganga asipeleke wenye nguvu upande wa dawa anayoipenda yeye. Kundi moja hupewa majani, jingine hupewa dawa inayojulikana. Damu huangaliwa tena katika mikroskopi, vijidudu vikihesabiwa, siku ya 3, siku ya 7, siku ya 14, hata siku ya 28. Mgonjwa akizidiwa, majani huachwa papo hapo na dawa kali hutolewa. Hakuna anayeachwa kufa ili tupate hesabu. Na kila mmoja huulizwa kwanza kama anakubali. Asiyekubali hutibiwa kama kawaida.

Majani yalipopimwa

Tuanze na kongo bololo, kwa sababu ndiyo yetu. Ilijaribiwa katika Uganda, na habari zikatangazwa mwaka 2009. Wagonjwa walikuwa 41, watu wenye malaria isiyo kali. Siku ya 14, karibu wawili katika kila watatu walikuwa wanaendelea vizuri mwilini. Wapenzi wa kongo bololo watafurahi kusikia hivyo. Lakini damu ilisema neno jingine. Katika hao walioona nafuu, karibu theluthi moja tu walikuwa wamesafika kabisa vijidudu. Na katika hao waliosafika, wengi walirudiwa navyo baadaye. Basi jani hili lina nguvu kidogo. Linamsaidia mtu kusimama, lakini mara nyingi halifukuzi adui nyumbani.

Kwa njia, mti huu hata nyama wa pori wanaujua. Huko Mahale katika Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1987 wachunguzi walimwona sokomutu mgonjwa akimenya tawi la kongo bololo na kutafuna moyo wake mchungu, ambao sokomutu kwa kawaida hawauli. Kesho yake akaonekana mzima. Wachunguzi wanafikiri ni kwa ajili ya minyoo ya tumbo. Ni habari ya kupendeza, lakini minyoo ya tumbo si malaria. Jani likisaidia ugonjwa mmoja haimaanishi linaponya na huu mwingine.

Sasa tuende Mali, katika Afrika ya Magharibi. Kazi iliyofanywa huko ndiyo tunayoiona nzuri kupita zote. Hawakuanza na mikroskopi. Walianza kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba na kuuliza: mgonjwa wenu wa mwisho mlimpa nini, naye aliendeleaje? Walisikia mimea 66 inayotumiwa kwa malaria. Mmoja ulisifiwa na waliopona kuliko mingine: Argemone, mmea wa miiba wenye maua ya manjano, ambao asili yake ni Meksiko.

Kisha wakatafuta kipimo chake. Wagonjwa 80 waligawanywa mafungu matatu. Waliokunywa mara moja kwa siku kwa siku 3, asilimia 35 waliendelea vizuri. Waliokunywa mara mbili kwa siku kwa siku 7, asilimia 73. Wa tatu walikunywa mara nne kwa siku katika siku za kwanza, kisha mara mbili, nao walikuwa asilimia 65. Unaona? Mmea ni ule ule. Wa kwanza wangesema ni dawa mbaya, wa pili wangesema ni nzuri, na wa tatu, walioongeza, hawakupata faida kwa kuongeza. Ndiyo sababu neno hili "chukua mkono mmoja wa majani" linatutia mashaka. Mkono wa nani? Majani mabichi au makavu? Ya msimu gani?

Mwisho, wagonjwa 301 walipewa ama maji ya Argemone ama vidonge vya artesunate na amodiakini. Habari zilitangazwa mwaka 2010. Katika muda wa siku 28, waliopewa majani asilimia 89 hawakuhitaji dawa nyingine. Waliopewa vidonge, asilimia 95. Ni tofauti ndogo kuliko tulivyodhani, nasi hatufichi. Hata hivyo vijidudu havikuisha kabisa katika damu ya wengi waliokunywa majani. Na kumbuka kwamba wagonjwa hao waliangaliwa na wauguzi siku zote, na dawa kali ilikuwa tayari mezani. Nyumbani kwako usiku hakuna meza hiyo.

Tena usikimbie kuchuma mmea huo. Mafuta ya mbegu zake ni sumu. Mwaka 1998 katika mji wa Delhi, huko India, mafuta hayo yalichanganywa na mafuta ya kupikia, watu wengi wakavimba miguu na kuugua moyo, na wengine wakafa. Jani lilipimwa kwa uangalifu Mali, na mbegu ya mmea ule ule iliua India. Mtu asiseme tu, "Mmea huu ni mzuri." Aseme sehemu gani, na kiasi gani.

Na artemisia?

Hii ndiyo inayotuletea maneno mengi siku hizi. Watu husema: "Vidonge vya hospitali vimetoka katika artemisia. Basi tunywe chai, ni kitu kimoja, tena haina bei." Inaonekana ni maneno ya akili. Sikieni sasa.

Mwaka 2004 wachunguzi walitangaza habari za watu 14 wazima waliokunywa litri moja ya chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani makavu. Walipima dawa iliyokuwamo. Ilikuwa miligramu 94 na nusu, karibu sehemu moja katika tano ya kipimo ambacho mtu mzima angepaswa kupata kwa siku. Artemisinini haipendi maji. Ndiyo sababu yule mama wa Uchina alitumia eta.

Mwaka huo huo zilitangazwa habari za jaribio lililofanywa hapa hapa Kongo. Wagonjwa wengine walikunywa chai ya artemisia siku 7, wengine walipewa kinini. Homa ilishuka upesi kwa wote. Siku ya 7, waliokuwa wamepona kwa chai walikuwa kama asilimia 74, na kwa kinini asilimia 91. Lakini katika majuma yaliyofuata, wengi wa watu wa chai walirudiwa na malaria. Walioandika habari hizo walikuwa watu wanaoupenda mmea huu, nao wenyewe wakasema chai peke yake isitumiwe mahali pa dawa.

Huenda mmesikia habari za jaribio jingine lililofanywa Maniema mwaka 2015, ambalo lilisemwa kwamba chai ilishinda vidonge. Habari zake zilienea sana. Mwaka 2020 gazeti la elimu lililozichapa likaziondoa. Kwa hiyo mtu akikuletea habari hizo kama ushahidi, ujue si ushahidi tena. Shirika la Afya Duniani, tunaloliita OMS, lilisema mwaka 2019 kwamba halikubali chai wala unga wa artemisia kwa kutibu malaria wala kwa kuizuia.

Tena kuna hatari ambayo haimpati mnywaji peke yake. Vijidudu vikipata dawa kidogo isiyoviua, vilivyo vigumu hubaki na kuzaa. Wazee wanakumbuka klorokini. Ilikuwa dawa nzuri, ya bei ndogo, na kila duka liliiuza. Vijidudu viliizoea, hata serikali ikaiacha. Sasa katika Rwanda na Uganda, jirani zetu, wachunguzi wamekwisha kuona vijidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamaa ya artemisinini. Mbu hana pasporti. Anayekunywa chai dhaifu kila juma "ili nisipate malaria", na yule anayeacha vidonge siku ya pili kwa sababu ameona nafuu, wote wawili wanafundisha vijidudu kushinda dawa ambayo mtoto wa jirani ataihitaji.

Ufanye nini nyumbani kwako

Mtu akiwa na homa, apimwe damu siku ile ile, au kesho yake asubuhi, asingoje zaidi. Kipimo cha haraka, TDR, kiko katika dispanseri, na katika vijiji vingi reko anacho. Ni tone moja la damu ya kidole, na jibu hutoka kabla ya mboga kuiva. Kikionyesha malaria, meza vidonge kwa siku zote tatu, hata kama siku ya pili unaweza kulima.

Mtoto mchanga, na mama mwenye mimba, msiwape majani kwanza ili "kuona kama yatashika". Hakuna jaribio katika yote tuliyoyaeleza linalowapa ninyi ruhusa hiyo.

Na kama mtoto hawezi kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akikakamaa na kutikisika, akilala na kutoamka vizuri, akipumua kwa shida, viganja vikiwa vyeupe, mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, msingoje pesa, msingoje baba arudi kutoka machimboni. Mchukueni usiku ule ule. Hospitali hutumia sindano ya artesunate kwa malaria kali. Hakuna jani lililopimwa kwa ugonjwa wa namna hiyo, na hakuna munganga mwenye akili atakayethubutu kulipima.

Wewe mtu mzima, mwenye nguvu, uliyekunywa kongo bololo jana jioni kabla ya kuja, usituogope. Wauguzi wengine zamani waliwakaripia wagonjwa kwa ajili ya majani, na matunda ya makaripio hayo ni kwamba watu sasa wanaficha. Tunasema wazi kwamba lilikuwa kosa letu. Mgonjwa anayeficha hutudhuru sisi na kujidhuru mwenyewe, kwani majani mengine huchosha ini au figo, nasi tunamwongezea dawa pasipo kujua. Utaulizwa mambo manne tu: ni mti gani, sehemu gani ya mti, ulitengenezaje, ulikunywa kiasi gani na lini. Yataandikwa katika karatasi yako, na hakuna atakayecheka.

Na ninyi wazee mnaojua miti, tunawaomba neno moja zaidi. Kama una jani ambalo umeliona likisaidia wagonjwa wa homa, usilichukue siri kaburini. Tuletee tawi lake. Liwe na majani na maua, au matunda kama yapo, kwa sababu majani peke yake hudanganya. Lilaze katikati ya karatasi za gazeti, weka ubao na jiwe juu yake siku chache likauke. Usilifunge katika mfuko wa plastiki, litaoza njiani. Andika, au mwombe mtoto wa shule aandike, jina la mti katika lugha yako, jina la kijiji, na siku uliyolichuma.